Wiki Tatu Bila Mshale

Mjomba alinipa upinde, mshale akaninyima. Ilikuwa likizo ya Juni mwaka 1970, Rubya, wilayani Muleba, nami nilikuwa na miaka 12.

"Vuta," aliniambia. Nikavuta. "Rudisha polepole." Nikarudisha. "Vuta tena."

Kwa wiki tatu kazi yangu ilikuwa hiyo, asubuhi kabla umande haujakauka, na jioni kengele ya seminari ikilia ng'ambo ya bonde. Navuta upote, yaani ule uzi wa upinde, mpaka kidole kiguse pembe ya mdomo. Naushikilia nikihesabu moja hadi tano. Kisha naurudisha taratibu hadi mahali pake, bila kuuachia. Siku ya pili niliuachia mtupu, nisikie tu unavyolia. Mjomba aliuchukua upinde mkononi mwangu, akaupapasa kuanzia ncha hadi ncha kama mama anayempapasa mtoto aliyeanguka mtini. "Nguvu uliyoivuta ilikuwa iende na mshale," akasema. "Mshale haukuwepo. Sasa imeenda wapi? Imeurudia upinde wenyewe. Fanya hivyo mara chache tu, utaupasua."

Watu wengi wakisikia jina Rubya hufikiria hospitali, au seminari iliyoanza mwaka 1904 na kumlea Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali. Mimi nikilisikia jina hilo nasikia sauti ya mjomba nyuma ya bega langu, na nahisi kidole gumba chake katikati ya mgongo wangu. Nitaeleza kidole hicho kilikuwa kinatafuta nini.

Sababu ya mimi kufundishwa ilikuwa ya nyumbani kabisa. Kibanja chetu kilikuwa kama vibanja vyote vya kwetu Ihangiro: migomba imezunguka nyumba, mibuni chini ya migomba, maharage chini ya mibuni. Nje ya hapo ilianza rweya, ile nyika ya majani ambako mama zetu walilima viazi, mihogo na njugu mawe. Tumbili walikuja mchana kwenye ndizi. Nguruwe mwitu walikuja usiku kwenye mihogo, na shamba walilopita lilifanana na shamba lililolimwa na wendawazimu. Kwenye makorongo yenye miti walikuwepo mbawala. Wanaume walikwenda kuwinda kwa pamoja, wakiwa na nyavu, mikuki na mbwa waliofungwa njuga shingoni. Wazee wa zamani zaidi hawakuingia porini kabla ya kumtaja Irungu, mwenye pori. Mjomba alikuwa Mkristo wa kuhudhuria misa kila Jumapili, lakini hata yeye alipofika ukingoni mwa korongo alivua kofia, akasimama kidogo, ndipo akaingia.

Katika kundi lile wengi walikuwa watu wa mikuki. Yeye alikuwa mtu wa upinde.

Alinitengenezea upinde wa mkole, urefu wake ukinifika kidevuni. Alikata fimbo ya mti mbichi, akaichonga taratibu kwa siku nyingi, akaiacha darini juu ya moshi wa jiko hadi ikauke. Upote aliusokota kwa kano la mgongo wa ng'ombe. Mishale ya kujifunzia ilikuwa ya matete ya bondeni, mbele imetiwa kipande cha mti mgumu kilichochongwa, nyuma manyoya matatu ya kanga yaliyofungwa kwa uzi. Alikataa kabisa kuchanganya manyoya ya bawa la kulia na ya bawa la kushoto kwenye mshale mmoja. Manyoya ya bawa moja hulala upande mmoja, akasema, na mshale huzunguka vizuri ukienda. Ukiyachanganya, unyoya mmoja unavuta huku na mwingine unavuta kule.

Mishale ya kuwindia ilikuwa na vigumba vya chuma kutoka kwa mhunzi. Wakati ule sikujua kwamba chuma kwetu kina historia ndefu kiasi kile. Miaka hiyohiyo mwanaakiolojia wa Kimarekani, Peter Schmidt, alikuwa ameanza kuchimba Katuruka, karibu na Bukoba, na mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mababu zetu waliyeyusha chuma cha pua kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita, kwa tanuru ambazo hewa yake ilipashwa moto kabla ya kufika kwenye makaa. Nilipokuja kuyasoma hayo nikiwa mtu mzima nilikumbuka kigumba kimoja kilichokuwa kizito kuliko vingine, ambacho mjomba alikipenda, akakitunza kwenye kitambaa chenye samli.

Wiki ya nne nilipewa mshale mmoja. Mmoja tu.

Shabaha ilikuwa mgomba uliokwisha kukatwa mkungu wake. Naomba anayeishi penye migomba anielewe: hakuna shabaha bora kuliko hiyo duniani. Mgomba ni laini, umejaa maji, unaupokea mshale bila kuuvunja na unaurudisha bila kung'ang'ania. Na unasema. Mshale ukiingia sawasawa husikika "puu", sauti ya kushiba. Ukiingia kwa kuyumba husikika mkwaruzo.

Alinisimamisha ubavu, kama mtu anayepita mlango mwembamba, miguu imeachana kwa upana wa mabega, uzito sawa kwa yote miwili. Mkono wa kushoto ulishika upinde, lakini "kushika" ni neno ambalo hakulitaka. Upinde ulikaa kwenye shina la kidole gumba, vidole vingine vimelegea, kwa sababu ngumi iliyokazwa huupotosha upinde mshale ukiwa bado haujatoka. Bega la mkono huo lishuke. Kiwiko chake kigeuzwe kitazame nje, siyo chini. Nililipuuza hilo la kiwiko, nikalipia: upote ulinichapa ndani ya mkono mara tatu mfululizo, ngozi ikavimba ikawa rangi ya zambarau. Mama alinipaka samli bila kumlaumu kaka yake. Kesho yake kiwiko kilitazama nje na hakijawahi kutazama chini tena.

Kisha kichwa. "Upote ndio unaokuja usoni," alisema, "uso hauufuati upote." Mwanafunzi yeyote hutaka kuinamisha shingo aone mshale unaelekea wapi. Hapana. Shingo imesimama, macho yote mawili yako wazi, vidole vitatu viko kwenye upote, kimoja juu ya mshale na viwili chini yake, na ncha ya kidole cha shahada inafika pembe ya mdomo, kila mara palepale. Akanionyesha kwa nini. Aliniacha nivute pungufu kwa upana wa kidole kimoja, nikalenga vilevile, na mshale ukaingia chini ya doa kwa kiasi cha kiganja. Umbali ulikuwa hatua 15 tu.

Hakutaka nilenge mgomba. Alichora doa la mkaa juu yake na kusema mgomba haupo, lipo doa. Nilipolizoea doa alilifuta, akachomeka punje moja ya kahawa.

Lakini yote hayo yalikuwa mepesi. Mkao mtu huupata kwa siku chache akiwa na mwalimu mkali. Kilichonitesa ni kuachia.

Nilikuwa nafungua vidole. Ndivyo kila mtu afanyavyo: ameshika, anataka kuachia, basi anafungua. Vidole vikifunguka kwa kutaka, vinausukuma upote pembeni kidogo, na upote ulioondoka pembeni unautupa mkia wa mshale. Mjomba alinionyesha jambo hili jioni moja jua likiwa chini, nisimame ubavuni mwake nitazame mshale ukitoka. Hatua za kwanza mshale hauendi kama fimbo, unajipinda kama nyoka, kushoto na kulia, ukijipinda ndipo unaupita ubao wa upinde bila kuugonga, halafu unatulia. Mshale mnene mno haujipindi, unagonga. Mwembamba mno unajipinda hadi unapotea. Na hata mshale uliochongwa vizuri, ukitupwa mkia na vidole vya pupa, hauwahi kutulia kabla ya kufika.

"Sasa niachie vipi bila kufungua vidole?"

Aliniita kisimani. Akaniambia niinue ndoo iliyojaa maji kwa vidole vitatu vilivyokunjwa kama ndoana. Nikaiinua. "Iache ianguke." Nikaiacha, maji yakanimwagikia miguuni. "Ulifungua mkono?" Nikafikiri. Sikuwa nimefungua mkono. Nilikuwa nimeacha kukaza, na uzito wa ndoo ukajiondokea wenyewe. Nilirudia mara nyingi mpaka akina dada waliokuja kuchota wakachoka kunisubiri, mmoja akasema, "Waitu mjomba, mtoto huyu atatumalizia maji." Mjomba aliwaomba radhi, na jioni ile nilichota mimi maji ya nyumba tatu.

Hapo ndipo kidole gumba kilipoingia. Nilipovuta upinde alikiweka kati ya mabapa yangu ya mabega, akasema, "Nibane." Nilipaswa kuyasogeza mabapa yakibane kidole chake. Mkono haukuwa unavuta tena. Mgongo ndio uliovuta, na vidole vilikuwa ndoana tu. Nikiendelea kubana, na vidole vikiacha kukaza, upote unaondoka bila mimi kujua hasa ni lini, na mkono wa kulia unarudi nyuma wenyewe hadi chini ya sikio. Mkono ukibaki mbele ya kidevu, alijua nimekufa kabla ya mshale kutoka. Hilo lilikuwa neno lake: umekufa.

Na mkono wa kushoto usishuke. Kila mwanafunzi huushusha ili aone amepiga wapi, na anaushusha mshale ukiwa bado uko njiani kutoka. "Subiri mgomba useme," alirudia, pengine mara elfu. Upinde ubaki juu mpaka usikie.

Kwa siku nyingi alinisimamisha hatua tatu tu kutoka kwenye mgomba, akanifunga macho kwa kitambaa. Hatua tatu huwezi kukosa, na ukiwa huoni huna cha kuhangaikia. Inabaki mgongo, vidole, na ile sauti. Leo nikiulizwa nilijifunza lini kupiga upinde, nasema nilijifunza nikiwa nimefungwa macho.

Mwaka uliofuata, Agosti, nikaruhusiwa kuingia korongoni na wanaume. Sheria ya mjomba ilikuwa hatua 20, si zaidi, na mnyama awe amesimama ubavu, ili mshale uingie nyuma ya mguu wa mbele, kwenye mapafu. Hakutumia sumu. Wakamba wana sumu ya msunguti, na Wahadzabe wana yao. Mshale wenye sumu ukigusa nyama yoyote mnyama haendi mbali. Mshale usio na sumu lazima ufike panapostahili. Ndiyo maana alikuwa mkali kuhusu kuachia kuliko kuhusu kitu kingine chochote.

Njuga za mbwa zilisikika upande wa chini. Mbawala jike alitoka kwenye kichaka, akasimama akisikiliza. Alikuwa mbali, hatua 30 hivi, na amegeuka nusu. Nilijua sheria. Lakini wanaume wote walikuwa nyuma yangu, na moyo ulikuwa unanipiga masikioni. Nilivuta, kidole hakikufika mdomoni, nikafungua vidole, nikashusha mkono kutazama. Makosa yote matatu katika pumzi moja. Mshale ukampata paja la nyuma, akaruka na kutokomea nao.

Tulifuata matone ya damu kwenye majani mpaka giza likatuzuia. Mjomba hakusema neno. Alfajiri tulirudi mimi na yeye peke yetu, na tulimkuta asubuhi kwenye matete, amelala, yu hai, siafu wameshafika kwenye jeraha. Mjomba alimmaliza kwa kisu. Kisha akamweka mabegani mwangu, akanitaka nimbebe mwenyewe hadi nyumbani, na nilimbeba. Tulipofika kwenye migomba ndipo akasema: "Usiku wote ule alioteseka, ni wako."

Nilirudishwa kwenye upinde usio na mshale mpaka Krismasi. Sikuona kuwa ni uonevu wakati ule, na sioni hivyo sasa.

Juni 1972 tulikuwa korongo lilelile. Mbawala dume alitoka taratibu, hatua 15 mbele yangu, pembe zake naziona hadi mikunjo. Nilivuta. Kidole kikafika. Mgongo ukabana. Lakini alikuwa ananitazama, kifua kimenielekea, mfupa mbele, nafasi ya mapafu haipo. Nikasubiri ageuke. Mikono ilianza kutetemeka. Hakugeuka. Nikafanya kile nilichokifanya wiki tatu mfululizo nikiwa na miaka 12: niliurudisha upote polepole hadi mahali pake. Mbawala akakwaruza ardhi kwa kwato, akaondoka akitembea.

Sikujua kwamba mjomba alikuwa nyuma ya mti akinitazama. Hakuniambia kitu njiani. Jioni, tumekaa kwenye sinia la ndizi na maharage, alimgeukia mama akamwambia, "Leo mwanao amewinda." Mama alitazama mlangoni kama kuna nyama imeachwa nje.

Baadaye nilipata nguruwe mwitu wawili na kanga kadhaa. Hao siwakumbuki vizuri.

Mwaka 1973 serikali ilisimamisha uwindaji nchi nzima, katazo lililodumu hadi 1978, na mwaka 1974 ikaja Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori. Wawindaji wengi kijijini walinung'unika. Mjomba hakunung'unika. Alisema makorongo yameanza kunyamaza, na yeye aliyakumbuka yakiwa na sauti. Alivifunga vigumba vyake vyote kwenye kitambaa cha samli, hakuvifungua tena, na kuanzia siku ile alipiga migomba tu. Naamini alikuwa sahihi, na leo naamini zaidi. Upande wa magharibi wa wilaya yetu sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, na wajukuu wangu wanaweza kumwona huko mnyama ambaye korongo letu halinaye tena.

Oktoba 1978 askari wa Idi Amin walivuka mpaka, na watu wa kaskazini, ng'ambo ya Mto Kagera, wakaanza kushuka na mizigo vichwani. Mkoa wetu ulikuwa ungali ukiitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baada ya vita. Usiku mmoja mjomba aliushusha upinde darini, akakaa nao mlangoni hadi asubuhi. Kulipokucha aliurudisha. Upinde haukuwa na kazi mbele ya mizinga, naye alilijua hilo.

Nikawa mwalimu, nikahamishwa huku na huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kahama, niliwaona Sungusungu wakilinda ng'ombe na vijiji kwa pinde na mishale, na niliwaona vijana waliovuta hadi kifuani tu, vidole vikifunguka kama mtu anayerusha mtama kwa kuku. Nilijizuia siku mbili, ya tatu nikaomba ndoo ya maji. Miaka kumi hivi baadaye, Mangola, kando ya Ziwa Eyasi, Mhadzabe mmoja wa makamo alinipa upinde wake nijaribu. Ulikuwa mrefu kuliko mimi, na upote wake ni wa kano. Sikuweza kuufikisha mdomoni. Yeye aliuvuta bila kukunja uso, na nikaona kwa macho yangu mahali nguvu ilipotoka: kati ya mabapa ya mabega, palepale.

Mwaka 2016, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio, bendera ya Kenya ilibebwa na mpiga upinde, Shehzana Anwar. Nilisimama mbele ya runinga. Na mwaka 2024, Paris, wanawake wa Korea Kusini walichukua dhahabu ya timu kwa mara ya kumi mfululizo, tangu shindano hilo lilipoanza Seoul mwaka 1988. Pinde zao zina vyuma na vipimo ambavyo mjomba asingevitambua. Lakini tazama kiwiko. Tazama mkono wa kulia ukirudi chini ya sikio, na ule wa kushoto ukibaki juu mpaka mshale ufike.

Mjomba alilala mwaka 1994, na amezikwa kwenye kibanja chake. Upinde wa mkole ninao mimi. Umekauka mno kuvutwa, kwa hiyo mwaka huu nimechonga mpya, na nimesokota upote wake mwenyewe. Nawaomba wenzangu wa Muleba na Bukoba wenye umri wangu, mliopata kufundishwa haya na wazee wenu: msiwaachie watoto wajifunze kwenye filamu. Hamhitaji kibali cha mtu kupiga mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, nyuma yake pakiwa na kingo ya udongo na mbele yake pakiwa hakuna mtu wala mfugo.

Mjukuu wangu wa kike ana miaka 11. Yuko wiki ya pili, na mshale bado sijampa.